Kuuona mti wa ukoo bila kulipia: jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Tanga. Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, anaishi Toronto, na kwa miaka mingi amekuwa akiutengeneza mti wa ukoo wao kwenye Ancestry, mtandao wa Marekani wa kutafutia nasaba. Juzi alimtumia kiungo kwa WhatsApp. Mama alipokifungua aliliona jina la babu, chini yake jina la bibi, halafu ukurasa ukamsimamisha: alipie kwa kadi ya benki, kwa dola, ndipo aendelee. "Yaani nilipie ili nimwone babu yangu mwenyewe?" anauliza. "Mtu mmoja ameniambia nijiunge na yale majaribio ya bure ya siku 14, mwingine anasema nimwombe shangazi nywila yake. Nifuate lipi?"

Dada yangu, usifuate lolote kati ya hayo mawili, na wala usilipe. Nimekaa na familia nyingi za pwani zikitafuta watu wao kwenye mitandao hii, na karibu kila anayekwama hapo ulipokwama wewe huwa hajaelezwa kinachouzwa ni kitu gani.

Kampuni hizi zinauza nyaraka. Wamenakili sensa za Marekani na Uingereza, orodha za abiria wa meli, vitabu vya ndoa na vifo, mafaili ya jeshi, wakayapanga ili yatafutike kwa jina, na hiyo ndiyo bidhaa yao. Mti ni kitu kingine. Mti ni kazi ya mikono ya shangazi yako: yeye ndiye aliyeyaandika majina, yeye ndiye mwenye kuamua nani auone, na akikualika unauona bila kutoa senti. Kiungo alichokutumia, nadhani, ni anwani aliyoinakili juu ya ukurasa wake. Anwani hiyo inamfungulia yeye kwa sababu tayari yumo ndani. Kwako wewe haibebi ruhusa yoyote.

Kwa hiyo anza kwa kufungua akaunti ya bure kwenye mtandao huohuo. Inataka jina na barua pepe tu. Ukiona umeombwa namba ya kadi, ujue umeingia mlango wa wanaolipia, rudi nyuma. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya shangazi. Afungue mti wake, aende kwenye mipangilio yake, kisha sehemu ya kushirikisha wengine, aandike barua pepe yako na achague daraja lako. Madaraja ni matatu. Mgeni anatazama na kuacha maoni. Mchangiaji anaongeza picha na masimulizi. Mhariri anaweza kuongeza watu na kusahihisha majina. Pembeni yake kuna ruhusa nyingine inayosahaulika sana, ya kukuruhusu uwaone watu walio hai. Asipoiweka, utaingia kwenye mti ukute baba mdogo wako, binamu zako na wewe mwenyewe mmefichwa, hamna majina. Wengi wakiona hivyo wanadhani mti umeharibika, kumbe mtandao unalinda faragha ya walio hai, na unafanya vizuri.

Najua kumwomba mkubwa jambo la namna hii kunahitaji maneno mazuri. Mtu aliyetumia miaka yake na pesa zake hapendi kuhisi anadaiwa. Andika kitu kama hiki:

"Shikamoo shangazi. Kiungo nimekipata, ahsante sana, ila kinanidai malipo. Naomba unialike kwa barua pepe yangu hii hapa, na pale pa kuwaonyesha walio hai uniruhusu, nataka watoto wamwone baba mdogo na wanawe. Ukiona inafaa nipe nafasi ya kuongeza picha. Nina zile za harusi ya bibi zilizokuwa kwenye sanduku la baba, naona kwako hazimo."

Hiyo sentensi ya mwisho ina uzito kuliko zote. Shangazi aliyeko Toronto ana kompyuta na ana nyaraka, lakini sanduku liko Tanga. Mna cha kupeana.

Kuhusu nywila, usiiombe. Ni kinyume na masharti ya mitandao hiyo, na hata kama isingekuwa hivyo, ukiingia kwa jina lake kila utakachobonyeza kitahesabika amekifanya yeye, pamoja na kumfuta mtu au kuwaunganisha watu wawili wasio mmoja. Nimeona mti wa watu mia tatu ukivurugwa jioni moja kwa namna hiyo. Na ukikutana na tovuti inayokuahidi kukufungulia miti iliyofungwa, au mtu anayekuambia umtumie pesa kidogo kwa simu akufungulie, huyo ni mwizi, achana naye.

Majaribio ya siku 14 yenyewe si uongo, lakini kadi inaombwa siku ya kwanza, na muda ukiisha bila wewe kusitisha, malipo yanaanza yenyewe. Mimi niliwahi kujiunga hivyo kwenye mtandao mmoja wa nasaba, nikafiwa katikati ya wiki ya pili, niliporudi kutoka msibani nikakuta nimekatwa ada. Ukiwa na sababu ya kweli ya kuyatumia, sitisha angalau siku mbili kabla ya mwisho, na kabla hata ya kujiunga andika kwenye karatasi nyaraka unazozitafuta, ili siku 14 zisipite ukizungukazunguka. Kwa kuuona mti wa shangazi huzihitaji.

Sasa, ukishaingia utaona nini? Majina, tarehe, picha alizopandisha mwenyewe, masimulizi aliyoyaandika. Kisha utakuta baadhi ya watu wamebandikiwa nyaraka za kampuni, labda ile ya shangazi mwenyewe kuingia Kanada au ya mumewe. Ukizibonyeza hizo, utaombwa kulipa tena. Hapo hapana ujanja, ila anayelipia anaweza kuipakua karatasi moja moja na kukutumia, kama ambavyo angekupigia picha cheti kilichoko ukutani kwake.

Mwombe pia jambo la pili ambalo watu hawalijui: faili la GEDCOM. Mwenye mti anaweza kuutoa mti mzima kwenye mipangilio yake ukawa faili moja dogo ambalo hata bando la kawaida linalibeba. Muundo huu ulitengenezwa mwaka 1984 na bado karibu kila programu ya nasaba duniani inauelewa. Picha hazimo, bali majina, tarehe, mahali na nani ni mtoto wa nani vyote vimo. Ukiwa na kompyuta, weka Gramps, programu ya bure kabisa, ulifungue humo bila intaneti. Faida yake kubwa ni kwamba mti unakuwa kwenu nyumbani. Shangazi akizeeka, akisahau nywila, akiacha kulipia, ninyi mnayo nakala.

Lifungue faili hilo kwa programu yoyote ya maandishi ya kawaida, uone jambo ambalo kwa familia zetu ni zito. Utakuta mistari ya namna hii:

1 NAME Juma /Salim/

Hizo alama za mkwaju zinaiambia kompyuta kwamba Salim ni jina la ukoo. Lakini wewe na mimi tunajua Salim ni baba yake Juma. Tuseme babu ni Juma Salim, mwanawe ni Ali Juma, mjukuu ni Hamisi Ali. Kwetu huo ni mnyororo mmoja ulionyooka. Kwa mtandao uliobuniwa na watu wa Marekani hao ni watu watatu wa koo tatu tofauti, na ukitafuta "ukoo wa Salim" utamkosa mjukuu kabisa, kisha utaletewa akina Salim wa dunia nzima. Ndiyo maana nawaambia watu: jina la ukoo kama mnalo, yaani mlango, kabila au nisba inayoonyesha asili yenu, liwekwe mahali pake, na kama hamna, nafasi ile iachwe tupu na majina yote matatu yaandikwe pamoja. Msilazimishe.

Halafu kuna tahajia. Hamisi, Hamis na Khamis ni jina moja. Athumani ni Othman, Fatuma ni Fatma, Bakari ni Abubakar, Sefu ni Seif. Mwanaisha ameandikwa Mwana Esha kwenye cheti cha ndoa na Mwanaesha kwenye kitambulisho. Wanawake wa zamani wameandikwa kwa binti, Asha binti Juma, na karani wa Kiingereza mara nyingi amelichukua hilo neno binti akalifanya jina la katikati. Ukitafuta kwa tahajia moja na ukakosa, hujakosa bado. Jaribu zote.

Baada ya mti wa shangazi, mlango mkubwa wa bure ni FamilySearch. Huu hauna daraja la kulipia. Unaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaojulikana kama Wamormoni, kutoka Utah, Marekani. Shirika lao la nasaba lilianzishwa mwaka 1894, likaanza kupiga picha za vitabu vya kumbukumbu kwa filamu mwaka 1938, na mwaka 2021 walimaliza kuziingiza mtandaoni filamu takriban milioni 2.4. Nyaraka nyingi ambazo kwingine zinauzwa, zikiwemo sensa za Marekani, humo zinasomwa bure.

Tofauti yake na Ancestry ni kwamba kuna mti mmoja tu wa dunia nzima. Humiliki tawi lako. Ukimwingiza babu yako, mtu mwingine anaweza kumbadilisha, ingawa kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya na linaweza kurudishwa. Walio hai anawaona yule aliyewaingiza, waliokufa wanaonekana kwa wote. Ukiwa unatafuta nyaraka, angalia alama ya kamera pembeni ya matokeo. Kamera tupu maana yake fungua, usome. Kamera yenye ufunguo juu yake maana yake picha hiyo ina masharti, na mara nyingi inafunguka ukiwa kwenye vituo vyao au maktaba wanazoshirikiana nazo, bure pia. Mtandao wenyewe una ramani ya vituo hivyo.

Kuna jambo moja lazima nikwambie waziwazi, kwa kuwa majina ya ukoo wenu ni ya Kiislamu. Kanisa hili linaamini ubatizo kwa niaba ya wafu, na waumini wake huyatumia majina ya mababu zao kwa ibada hiyo hekaluni. Kanuni zao zinawataka washughulikie mababu wao wenyewe, na kwa mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita wapate kwanza idhini ya ndugu wa karibu aliye hai. Kumwandika mtu kwenye mti hakumfanyi abatizwe. Lakini familia nyingine, Waislamu kwa Wakristo, zikishajua hili huamua kuutumia mtandao kwa kusoma nyaraka tu, bila kuwaingiza wazee wao. Wengine hawaoni tatizo. Kaeni kama familia mwamue, na wakubwa waulizwe kabla hujaandika hata jina moja.

Mitandao mingine nitaipitia haraka. WikiTree ni ya bure yote, na inasisitiza kila dai liwe na ushahidi, jambo ninaloliheshimu. Geni ina mti wa pamoja ambao waliokufa wanasomeka bila kulipa. MyHeritage inakuruhusu kujenga mti wa hadi watu 250 bila malipo, na ukialikwa na ndugu kwenye ukurasa wa familia yake unaingia bure. Geneanet, ya Ufaransa, inafaa zaidi wenye damu ya huko. Tena kuna kijia kidogo: andika kwenye Google jina la mtu aliyefariki, mahali alipozaliwa na neno Ancestry. Mara nyingine utapata ukurasa wa muhtasari unaotaja wazazi, mwenza na watoto, uliotolewa kwenye miti iliyo wazi kwa umma, nao hausomwi kwa malipo.

Shangazi naye anaweza kupunguza gharama zake. Maktaba ya umma ya Toronto, kama zilivyo maktaba nyingi za Kanada, Marekani na Uingereza, ina toleo la Ancestry la maktaba ambalo msomaji analitumia bure akiwa ndani ya jengo. Hataweza kuingia kwa akaunti yake humo wala kujenga mti, bali nyaraka atazisoma na kujitumia nakala kwa barua pepe. Mwambie ada ya mwezi akiisitisha, mti wake haufutwi. Unabaki, na wewe mwalikwa unaendelea kuuona.

Nimekwambia usilipe, na sababu yangu kubwa zaidi ni hii: hata ungelipa, bibi yako hayumo kwenye hizo nyaraka. Utakuta bahari ya sensa za Ohio na Yorkshire, na kwa Tanga karibu utoke mikono mitupu. Wakati wa ukoloni usajili wa vizazi Tanganyika haukuwalazimu Waafrika, na sensa ya mwaka 1948 ilihesabu watu bila kutuachia mtandaoni daftari la majina ya nyumba kwa nyumba. Walichokiacha wazee wetu kiko kwingine, na kingi hakiulizi kadi ya benki.

Chukua mfano wa Gazeti Rasmi la Kenya. Watu wengi wa Tanga wana ndugu Vanga na Mombasa. Gazeti hilo linaanzia mwaka 1899, na matoleo yake mengi yanasomeka bure kwenye Google Books. Ndani yake kuna matangazo ya mirathi: marehemu fulani, wa mahali fulani, amefariki tarehe fulani, na anayeomba usimamizi ni mjane wake au mwanawe fulani. Tangazo moja la mistari mitano linaweza kukupa kifo, kijiji na vizazi viwili kwa pamoja. Tafuta kwa kila tahajia, kama nilivyosema.

Kama kuna mzee wenu aliyefia katika vita vya kwanza au vya pili vya dunia, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure ya watu milioni 1.7. Tanga ilipiganiwa Novemba 1914 na makaburi ya vita yapo hapohapo mjini. Askari wengi wa Kiafrika wameandikwa kwa jina moja tu na namba, basi tafuta hata kwa jina moja. Ila kama alikuwa mpagazi, yule wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza, usijilaumu ukimkosa. Tume yenyewe ilikiri katika ripoti ya Aprili 2021 kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika na Waasia hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Hilo linaniuma kila ninapolazimika kumweleza mtu aliyekuja na jina la babu yake mkononi.

Na kuna karatasi za nyumbani. Mzee mmoja wa Pangani alinifungulia mkebe wa biskuti, ndani yake mna shajara ya ukoo wao, yaani orodha ya nasaba, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino wa kahawia, karatasi imekatika penye mikunjo. Vizazi tisa, wote wanaume. Fulani bin fulani bin fulani, mpaka mwisho. Nilipomuuliza majina ya akina mama alinyamaza, kisha akaita, "Dada, njoo." Akatoka bibi mmoja uani, mikono ina unga, akakaa kwenye mkeka akayataja majina ya akina mama kwa vizazi sita bila kusita, na kila mmoja akamtaja na kijiji alikotolewa. Nusu ya ukoo ilikuwa kwenye kichwa cha yule bibi, haimo kwenye mkebe wala kwenye mtandao wowote.

Kwa hiyo ukishaalikwa na kuuona mti wa shangazi, angalia kwanza ni wapi mama hana jina. Nina hakika patakuwepo, kwa sababu miti ya wanaoishi mbali hutobokea hapo. Kagua na hesabu za miaka: mama aliyezaa akiwa na miaka saba, au mtu aliyefariki kabla ya mwanawe wa mwisho kutungwa mimba, ni dalili kwamba watu wawili wenye jina moja wameunganishwa. Usisahihishe kimya kimya, mwandikie shangazi, yeye ndiye mwenye mti.

Kisha mwendee mkubwa kuliko wote aliyebaki kwenu, kama ni bibi mdogo au somo yake bibi. Nenda asubuhi akiwa hajachoka, uchukue na zile picha za sandukuni. Usianze na "nitajie ukoo wetu", hapo atakupa majina matatu ya wanaume na kunyamaza. Mpe picha ya harusi mkononi umuulize huyu aliyesimama nyuma ya bi harusi ni nani, alizaliwa na nani, alikuja kutoka wapi. Washa kinasa sauti cha simu kwa idhini yake, utaje tarehe mwanzoni, na usimkatize anapotoka nje ya swali. Jioni andika majina kama alivyoyatamka, umtumie shangazi pamoja na sauti yenyewe, ayajaze kwenye zile nafasi tupu.